Mulika Mwizi Bafuni

Usiku wa kwanza nilidhani nimekufa. Niliamka saa tisa kwenda haja ndogo, jicho moja wazi na jingine limebaki kitandani, nikapapasa ukuta wa bafu, nikabonyeza swichi. Ukashuka mwanga wa siku ya hukumu. Ulitoka darini, ukagonga vigae vyeupe, ukarudi ukagonga sinki, ukarudi tena ukanikuta katikati nimeshika suruali ya kulalia kiunoni kama mwizi wa kuku aliyezingirwa na kijiji. Nikasimama nikingoja kuulizwa nilizifanyia nini talanta nilizopewa. Sauti iliyokuja ilikuwa ya mke wangu kutoka chumbani.

"Baba Wambui, funga huo mlango! Huku kumekucha!"

Niungame mapema kwamba taa ile niliileta mimi, na kwamba haikununuliwa kwa ajili ya binadamu. Ilikuwa mulika mwizi, ile taa bapa ya wati 50 inayofungwa kwenye kona za maghala na vituo vya mafuta, na niliinunulia ng'ombe. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Nyeri, upande wa Gatitu, kwenye robo ekari yenye nyumba, migomba, na ng'ombe wawili wa gredi ambao kwa ulaji wao ni kama nimewalipia karo ya bweni. Nilikuwa nimesoma kwamba ng'ombe wa maziwa akipata mwanga wa saa 16 hadi 18 kwa siku hutoa maziwa zaidi. Jambo lenyewe ni la kweli, watafiti wa mifugo wamelipima. Ambacho sikukisoma ni aya iliyofuata, kwamba ng'ombe huyo huyo anahitaji pia giza la saa sita hadi nane. Wangu niliwapa mchana wa saa 24.

Kufikia siku ya tatu maziwa yalikuwa yamepungua na jogoo wa jirani anawika saa nne usiku, saa sita, saa nane, bila mpangilio, kama mlevi anayedai chenji. Jirani mwenyewe, mzee mpole wa kanisa, alikuja langoni kuniuliza kwa adabu kama tumefiwa. Nikaifungua taa, nikaitia stoo.

Wakati huo bafu letu lilimulikwa na mzee mwingine. Mwaka 2010, kampuni ya umeme ilipogawa bure zaidi ya balbu milioni moja za kuokoa umeme, ukitoa ile ya zamani ya waya unapewa ya mkunjo, mimi nilipata mbili. Moja ilikufa. Ya pili iliendelea kuishi bafuni kwa miaka na miaka, na kwa umri wake ilikuwa haikurupuki: ukiiwasha inafikiri kwanza, inatoa rangi ya chai ya mkandaa, halafu ukishajifuta na kuvaa ndipo inapoanza kuona. Mama Wambui alijipaka poda chini yake Jumapili moja, tukaenda kanisani, na pale nje kwenye jua nikagundua uso wake umeishia kidevuni na shingo imeanza nchi nyingine. Sikusema kitu. Alisema shemeji yake.

"Baba Wambui, nunua taa," akaniambia tulipofika nyumbani.

Sasa neno "nunua" kwetu sisi watu wa mlimani halitamkwi ovyo. Nilikumbuka stoo. Siku hiyo hiyo kulikuwa na fundi aliyekuja kutufungia shawa ya stima, ile ndogo nyeupe ya kupasha maji papo hapo, maana tulikuwa tumechoka kuchemsha maji kwa kuni. Nikamletea mulika mwizi.

"Mwalimu, hii si ya bafu," akasema.

"Ni taa, si taa?"

"Ni taa."

"Inaogopa maji?"

"Haiogopi. Imetengenezwa inyeshewe."

"Basi weka."

Fundi alinitazama jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa, akapanda ngazi. Balbu ile ya zamani ya waya ya wati 60 iliyokuwa ikitutosha sote ilitoa mwanga wa lumeni kama 800. Mulika mwizi ya wati 50, kama boksi lake halidanganyi, hutoa zaidi ya 4,000. Bafu letu ni futi tano kwa sita. Kwa hiyo nilikuwa nimebana balbu tano kwenye chumba ambacho ukiinama kuokota sabuni unafungua mlango kwa makalio.

Wa kwanza kuathirika nilikuwa mimi na kioo. Kwa miaka mingi mimi na kioo kile tulikuwa tumeelewana. Kilinionyesha mtu wa makamo anayeendelea vizuri. Chini ya mulika mwizi nilimwona mzee mwenye mifuko miwili chini ya macho, tundu za pua kama mapango ya Mau Mau kule Nyandarua, na nywele zinazoota masikioni kwa bidii ambayo zile za kichwani zimeikosa. Nilianza kunyoa ndevu gizani, kwa mkono.

Na poda? Jumapili iliyofuata Mama Wambui alitoka bafuni ameridhika kabisa. Tulipofika kanisani alikuwa kama amepakwa unga wa ngano. Kumbe taa hizi za nje huwa na weupe unaoelekea ubuluu, ule unaoandikwa 6500K kwenye boksi, na chini yake kila ngozi huonekana imefifia kama ya mtu aliyekosa chakula cha mchana. Unaongeza rangi hapa, unapunguza pale, unatengeneza uso wa bafuni ambao hauna kazi mahali pengine popote. Safari hii shemeji hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliyomuuma mke wangu zaidi.

Mwanga nao haukukubali kukaa ndani. Ulipenya kwenye kidirisha cha juu cha kupitisha hewa ukapiga mstari hadi ng'ambo ya barabara. Watoto waliokuwa likizoni mwezi wa Aprili walikuwa wakitoka nje usiku kucheza kivuli: mmoja anaoga, wawili wanakaa kwenye nyasi kutazama kivuli chake kikijipangusa juu ya ukuta wa jirani, ukubwa wa nyumba. Nilipolitambua hilo nilikuwa nimeshaoga mle kwa wiki tatu, na nikaelewa ni kwa nini yule mzee wa kanisa alikuwa amepanda ua wa michongoma kwa haraka vile.

Waliofurahi ni bodaboda. Zamani kumwelekeza mwendeshaji nyumbani kwangu kulichukua dakika tano: ukipita kituo cha maziwa, uache njia ya kwanza, ya pili ina mti ulioanguka. Sasa nilimwambia tu, "Ukitoka kwa lami utaona taa." Wote waliiona. Abiria wengine, wasiohusiana nami kwa vyovyote, walishushwa wakiambiwa, "Wewe unaenda karibu na ule mwanga? Basi umefika."

Mvua za masika ziliponyesha vizuri, tukatembelewa na kumbikumbi. Mimi ni mpenzi wa kumbikumbi, ila si wakati nina sabuni machoni. Waliingia kwa kidirisha kwa mamia, wakazunguka taa, wakadondosha mabawa kwenye povu, na wenyewe wakaanza kutembea kwenye taulo wawili wawili wakitafuta ploti ya kujenga.

Lakini yote haya tungeyavumilia kama si tokeni. Kabla ya hapo tokeni za elfu moja zilitupeleka karibu mwezi. Sasa zilikuwa hazifiki wiki. Ile mita iliyo juu ya mlango ilikuwa inaanza kulia ti-ti-ti usiku wa manane, na mimi na simu yangu mkononi nikiingiza tarakimu 20, nikikosea ya kumi na tisa. Marehemu Wahome Mutahi, mwana wa Nyeri aliyetuchekesha kwa safu yake ya Whispers na kufariki mwaka 2003, alimwita mke wa kwenye hadithi zake Thatcher. Mimi wangu alijiteua Waziri wa Kawi. Aliitisha kikao cha familia sebuleni, akanyoosha kidole kuelekea bafuni, na hukumu ikatoka bila upande wa utetezi kusikizwa: mulika mwizi inatumaliza.

Hakuna aliyeitazama shawa. Ilikuwa imekaa kimya pale pale ukutani, nyeupe, mdogo wake sinki, na kidude chake kimefungwa kwenye "moto sana" kwa sababu maji yetu hutoka Nyandarua, na maji ya Nyandarua saa kumi na mbili asubuhi hukufanya ukumbuke dhambi za wazazi wako.

Nikaanza vita na taa. Mbinu ya kwanza ilikuwa ya bure: bahasha ya kaki. Niliitoa shuleni, nikaikata, nikaibandika mbele ya kioo cha taa kwa gundi ya karatasi. Mwanga ukalainika, ukawa wa asali, nikajipongeza. Nilichosahau ni kwamba bahasha ilikuwa na maandishi. Kwa siku mbili familia yangu ilioga chini ya kivuli hafifu kilichosema MTIHANI WA HISABATI, KIDATO CHA PILI, na mwanangu wa kati akaniambia hawezi kusafisha masikio kwa amani. Siku ya tatu mvuke ulilegeza gundi, bahasha ikashuka polepole kama jani la mparachichi ikamtua Mama Wambui kichwani akiwa amefumba macho na kichwa kimejaa shampuu. Alivyopiga kelele, ng'ombe waliitikia. Nilipoiokota ile karatasi ilikuwa imebadilika rangi katikati, kahawia ya mkate uliosahauliwa. Taa zile hutoa joto mgongoni, zinataka hewa, na mtu anayezivisha nguo anajitafutia moto. Hilo sikulisoma popote. Nililinusa.

Fundi akarudi. Alikuwa na wazo: taa yenye jicho, inayojiwasha mtu akiingia na kujizima akitoka. Wati tisa tu. "Ni ya sensa," akasema, na nikapenda mara moja, kwa kuwa kitu kinachojizima chenyewe ni kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Juma lile lile mama mkwe alitutembelea kutoka Othaya. Kwa Kikuyu mkwe huitwa muthoni na haya huitwa thoni, na wazee walioyaweka maneno hayo jirani walikuwa wanajua wanachofanya. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana kwa umbali. Tunasalimiana, tunaulizana kuhusu mvua na majani chai, basi. Jambo lolote lenye kuhusu bafu halina njia ya kupita kati yetu. Kwa hiyo mjukuu ndiye aliyetumwa kumwelekeza.

"Shosho, usitafute swichi. Bafuni kuna sensa."

"Sensa?" akashangaa. "Si tulihesabiwa hiyo 2019?"

Akaingia. Mama Wambui alikuwa ameenda kwenye chama chake cha Jumamosi. Nilikuwa sebuleni nikisahihisha vitabu. Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita. Jicho la taa ile, nilikuja kueleweshwa, huangalia joto la mwili linalosogea. Mwili ukitulia sekunde chache, huamua hapana mtu. Na mama mkwe wangu ni mama aliyefundishwa kutulia. Taa ilipozima alidhani stima imepotea, jambo ambalo kwetu wakati wa mvua ni la kawaida kama salamu, akakaa pale pale alipokuwa, mikono magotini, akingoja irudi. Angejikuna tu ingerudi. Hakujikuna.

Mimi nilijua kuna kitu hakiko sawa, lakini nitabishaje mlango ule? Niseme nini? Nilisimama kwenye korido, nikarudi, nikasimama tena, nikakohoa kikohozi cha heshima. Mwishowe nikamwita mdogo wetu wa miaka minane, nikamnong'oneza, "Nenda umwambie shosho apunge mikono." Mtoto akaenda mbio, akapiga mlango kwa ngumi mbili, akapaza sauti yote aliyojaliwa:

"Shosho! Inua mikono juu!"

Kukawa kimya. Kisha ikasikika sauti nyembamba gizani: "Msiniumize. Pesa ziko kwa kibeti, kibeti kiko kitandani." Na papo hapo, kwa kuwa alikuwa ameinua mikono, taa ikawaka.

Alirudi Othaya kesho yake asubuhi. Alinisalimia kwa heshima ile ile, akauliza kuhusu mvua.

Waziri wa Kawi akang'oa jicho lile kwa mikono yake na kutangaza kwamba tangu sasa bafu litakaa giza hadi nitakapopata akili. Kwa hiyo nikarudi kwenye mulika mwizi ya aina nyingine, yaani kile kisimu kidogo chenye tochi kichwani ambacho Kenya nzima tunakiita hivyo hivyo. Unakibana kwa meno, unaoga. Asubuhi ya nne kilinitoka mdomoni, nikainama kukidaka, na ukingo wa mlango ukanipokea juu ya jicho la kushoto.

Ungekuwa mtu wa Machakos au Kakamega, jicho lililovimba lingekuwa jicho lililovimba. Mimi ni mwanamume wa Nyeri. Tangu mwaka 2012, magazeti yalipojaa habari za wanaume wa kwetu kupigwa na wake zao, hakuna mlango Nyeri unaoaminika. (Wapo waliopigwa kweli, na kwao hakuna cha kucheka. Lakini sifa haichagui.) Ndani ya matatu ya Karatina, ninakofundisha, kondakta aliniangalia, akamhamisha kijana mmoja ili nikae dirishani. Hakunidai nauli mpaka tulipopita Marua. Pale sokoni Karatina mama anayeniuzia ndizi aliongeza tatu bila kuniambia kitu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ofisi ya walimu ilinyamaza nilipoingia.

"Ni mlango," nikasema.

"Ni sawa, Mwalimu," wakajibu wote kwa pamoja, kwa upole wa kutisha.

Ilibidi nieleze kila kitu, kuanzia ng'ombe. Walicheka mpaka kengele ikalia, isipokuwa mwalimu wa fizikia, ambaye alikuwa amechukua kipande cha chaki.

"Hiyo taa ya wati 50 ilikuwa inawaka saa ngapi kwa siku?"

"Kama tatu."

Akaandika. Uniti 0.15 kwa siku, uniti nne na nusu kwa mwezi. "Na mnaogea maji ya nini?"

Nikamwambia. Akauliza wati. Nikakumbuka boksi: 5,500. Watu watano, dakika kumi kila mmoja, na watoto wangu ni wa zaidi ya kumi. Chaki ikagonga ubao. Uniti nne na nusu na kidogo juu.

"Kwa mwezi?" nikauliza.

"Kwa siku."

Niliitazama hesabu ile jinsi nilivyokuwa nimekitazama kioo changu. Shawa ilikuwa inakula kwa siku moja kile ambacho taa ilikuwa inakula kwa mwezi mzima. Zaidi ya uniti 130 kwa mwezi, na tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani hupanda kwa ngazi: anayetumia hadi uniti 30, anayetumia hadi 100, na anayevuka hapo. Sisi tulikuwa tumevuka kwa kukimbia, tukiwa tumejipaka sabuni.

Kwenye matatu ya kurudi nilikaa dirishani, kwa haki sasa, nikawaza mto Chania na mto Gura. Inashuka kutoka Nyandarua, baridi kama nilivyosema, inaungana na Sagana, Sagana inakuwa Tana, Tana inajaza bwawa la Masinga, inapita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere ikizungusha mitambo. Stima inayotoka huko, ikichanganyika na ile ya mvuke wa Olkaria, inapandishwa kwenye nyaya milima yote hiyo mpaka Gatitu, ili ikapashe moto maji mengine ya Nyandarua kwa ajili ya kijana wa miaka kumi na tano anayeimba.

Mambo yalimalizika bila fahari. Balbu ya wati tano ya rangi ya manjano, ile ya 3000K, nimeifunga ukutani kando ya kioo badala ya darini. Ilinigharimu safari mbili mjini, kwa sababu mara ya kwanza muuzaji aliniuliza "Ya pini ama ya skrubu?" nikajibu kwa kujiamini, na nikakosea. Kidude cha shawa kimeshushwa hadi "vuguvugu", na Waziri husimama mlangoni na saa. Kwa siku za kuoga hasa, kuni zimerudi. Mama mkwe, ambaye alikuja tena Agosti, hakuuliza chochote kuhusu taa wala shawa. Aliomba karai moja ya maji moto, akaingia, akafunga mlango, akaoga gizani kama alivyooga miaka yake yote, akatoka baada ya dakika sita akiwa anang'aa. Poda ya Mama Wambui siku hizi huanza na kuishia panapofaa. Mimi na kioo tumepatana tena.

Juzi nilichelewa mjini, nikampigia bodaboda ninayemzoea anibebee mzigo wa dairy meal hadi nyumbani, nami nikatangulia na mwenzake. Saa tatu usiku nikiwa nimeshafika, simu ikalia.

"Mwalimu, kwani mlihama?"

"Hapana. Uko wapi?"

"Sijui. Nimepita huku mara tatu. Ni giza tupu, hata ile taa yenu siioni."

Nikatoka hadi langoni nikiwa na kile kisimu, nikawasha tochi, nikainua mikono yote miwili juu, nikaanza kupunga.